Nilijitambulisha kwenye msiba wa baba yangu, watu wote wakacheka

Wakuu, nawasalimu wote, mnaochangia na nyie mnaosoma kimyakimya bila hata kulogin.

Wiki iliyopita kuna mdau alileta uzi humu kuhusu vituko vya watani misibani. Comments zilikuwa nyingi, watu wanacheka mpaka machozi. Mmoja akaeleza mtani alivyolala ndani ya kaburi akagoma kutoka hadi apewe jogoo. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu nikaweka simu chini.

Mimi nimewahi kuwa hicho kituko.

Sijawahi kuyaandika haya popote, na hata nyumbani kwangu hawayajui. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyonitokea, na kwa umri niliofikia sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Nimezaliwa Kasansa, kule Mpimbwe. Enzi hizo Katavi haijawa mkoa, sote tulikuwa Rukwa na Mpanda ilikuwa wilaya tu. Mama yangu, nimwite Konsolata, alikuwa Mfipa wa juu kule Sumbawanga, akateremka bondeni na kaka yake kufuata mashamba ya mpunga. Nimekulia kwa huyo mjomba.

Shuleni mwalimu aliandika jina la mjomba kama baba yangu. Nyumbani mke wa mjomba hakuacha kunikumbusha kwamba si kweli. Hakuwa mtu mbaya, chakula alinipimia sawa na wanawe. Ila nikigombana na mmoja wao neno lake lilikuwa moja tu: "Mwachie mwenzio, yeye yuko kwao."

Basi nikawa mtoto wa kuachia. Nikaachia kigoda, nikaachia kipande cha samaki, nikaachia hata zamu ya kuongea watu wakiwa wanakula. Nilijifunza kukaa mwishoni mwa mkeka mapema sana.

Hata maumbile yalinikana. Watoto wa mjomba walikuwa wafupi wamejaa, mimi nimewapita wote kichwa. Halafu nilikuwa na mwendo wangu wa ajabu, bega la kushoto liko chini, natupa mguu wa kulia kidogo pembeni. Mama akiniona natembea hivyo alikuwa ananifokea ninyooke. Nilidhani ananifundisha adabu.

Alinieleza nikiwa na miaka kumi na nane hivi, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa shambani tunaamia ndege, mpunga umeanza kukomaa. Nilimuuliza kama nilivyokuwa nimemuuliza miaka yote, nikitegemea atanyamaza. Siku hiyo akajibu.

"Baba yako ni Mzee Maganga. Yule wa mashine, Mpanda mjini."

Wakuu, huyo mzee kila mtu wa bondeni alimjua. Mnyamwezi, ana malori mawili, ana mashine ya kukoboa mpunga, ana nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uzio na geti. Malori yake ndiyo yalikuwa yanabeba mpunga wetu.

Hapa niwaeleze vijana wa juzi. Mnyamwezi na Mfipa ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kofia yako barabarani na huwezi kumshitaki. Anakuita mchawi, wewe unamwita mpagazi, mbeba mizigo, mnacheka, maisha yanaenda. Na mwanaume akimkuta mwanamke wa watani zake anamwita mke wangu mbele ya kadamnasi, hakuna anayegeuza shingo.

"Alikuwa akija kununua mpunga ananiita mke wangu," mama akasema. "Watu wanacheka, na mimi nacheka. Hata alipoanza kuja kweli, watu waliendelea kucheka. Ukaja wewe."

"Alijua?"

"Alijua."

Akanyanyuka akaanza kuwapigia ndege kelele. Nikamuona ameenda mpaka mwisho wa shamba, mahali ambapo hapakuwa na ndege hata mmoja.

Mavuno yalipoisha nikapanda juu ya magunia kwenda Mpanda, lori likapita Usevya, likaingia porini. Ndorobo, wale mbung'o wa porini, walitung'ata mpaka nikavimba masikio. Nilikuwa na gauni moja la kanisani ndani ya mfuko, nalitunza nisilichafue. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu wakuu, asije akatokea mtu hapa kusema nilifuata mali. Nilitaka kusikia yule mzee akisema huyu ni mtoto wangu. Aseme mara moja, mbele ya mtu yeyote, halafu nirudi zangu Kasansa nikalime.

Nilifika getini kwake asubuhi, nimeshavaa lile gauni. Akatoka mama mwenye nyumba, mke wa mzee, mwanamke mnene msafi, nyuma yake wamesimama mabinti wawili wamevaa soksi nyeupe ndani ya nyumba. Soksi ndani ya nyumba! Nilikuwa sijawahi kuona. Kabla sijafungua mdomo akaniangalia miguu, akasema, "Watu wa kazi wanapitia nyuma."

Nikapitia nyuma.

Mpaka leo huwa najiuliza kwa nini sikusema pale pale. Jibu ni kwamba nilishazoea. Mtu aliyelelewa kuachia, ukimwonyesha mlango wa nyuma anaingia na anashukuru.

Nikapelekwa mashineni. Kazi yangu ikawa kufagia pumba na kupepeta chenga, ule mchele uliovunjika, kwa ungo, pamoja na dada mmoja anaitwa Daforoza. Yeye alikuwa mkimbizi wa Burundi wa miaka ile ya sabini, makazi yake Katumba, ametoka kwa kibali kuja kutafuta maisha mjini. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Makanyagio, tukalala kitanda kimoja. Mpole, haongei ovyo.

Mzee Maganga alikuwa anakuja kila siku mchana. Mrefu, amevaa koti la kahawia hata jua likiwaka. Anachota mchele kiganjani, anaupuliza, anaangalia chenga. Siku ya kwanza aliponisikia namsalimia akadaka lafudhi yangu ya Kifipa.

"Mfipa huyu! Nani kaniletea mchawi mashineni kwangu?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kama mtani anavyojibu, kwamba nimekuja kumtafutia mzigo wa kubeba, maana Mnyamwezi bila mzigo anaumwa. Alicheka akajipiga paja. Kuanzia siku hiyo nikawa mtani wake, na akaanza kuniita mke wangu.

Naomba mtulie hapa kidogo muelewe. Baba yangu mzazi alikuwa ananiita mke wangu, mbele ya watu, kila siku ya Mungu, na mimi nilitakiwa nicheke. Nilikuwa nacheka. Halafu naenda nyuma ya lundo la pumba nasimama peke yangu.

Daforoza ndiye aliyeona kwanza. Kwao hawana utani na Mnyamwezi wala Mfipa, kwa hiyo akiwatazama watu anawaona walivyo. Jioni moja tunaosha miguu akaniambia, "Yule mzee mnatembea sawa. Ni ndugu yako?"

Nikamwambia yote. Hakushangaa. Akasema tu, "Sasa kwa nini humwambii?"

Kwa hiyo nikamwambia mzee.

Nilichagua siku ambayo mashine imezimwa kwa ubovu, ili asikie vizuri. Watu watano hivi walikuwepo. Akaingia, akasema, "Habari ya mke wangu?" Nikasema, "Mzee, mimi si mke wako. Mimi ni mtoto wa Konsolata wa Kasansa. Wewe ni baba yangu."

Alikuwa ana mchele kiganjani. Mkono ulisimama. Nilimuona macho yake, wakuu, yalinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu, yakarudi juu.

Halafu akacheka. Akacheka sana, akageukia wale watu. "Mnamsikia huyu Mfipa? Anataka urithi na mimi sijafa!"

Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Hilo ndilo kosa langu kubwa maishani, na nadhani ni kosa ambalo mtu wa kabila lisilo na watani hawezi kulifanya. Ukitaniwa unacheka, mwili wenyewe unacheka kabla hujaamua. Nilipocheka nikawa nimesaini kwamba ni utani. Daforoza peke yake hakucheka, alikuwa anatutazama mmoja mmoja kama watu wanaoongea lugha asiyoijua.

Ila kuna jambo. Tangu siku ile mzee hakuniita tena mke wangu. Hata mara moja. Akija ananisalimia, "Hujambo, mama," anapita. Nilishikilia hilo jambo miezi yote iliyofuata. Nilikuwa najiambia ameelewa, anatafuta namna. Labda mwezi ujao, labda watoto wakirudi likizo.

Hakukuwa na mwezi ujao. Aliugua ghafla, wakamkimbiza Tabora kwa treni, na kwa treni ile ile akarudi ndani ya sanduku.

Msibani nilienda na Daforoza. Turubai limefungwa uani, sasa geti liko wazi kila mtu anapita. Watani wa Kifipa walishafika, mama mmoja amejifunga kitambaa kama daktari anapima jeneza, mwingine amekalia kiti cha marehemu anadai ndiye tajiri mpya. Wafiwa wanalia, wakigeuka wanacheka. Ndiyo kazi ya watani, kuwashika watu wasizame. Simlaumu mtu.

Mdogo wake marehemu alikuwa amekaa pembeni na daftari, anaandika historia ya marehemu ya kusomwa makaburini. Kazaliwa lini, kasoma wapi, ameacha mke na watoto wangapi. Nilijua hapo ndipo penyewe. Jina likishasomwa makaburini hakuna wa kulifuta. Na wanaotajwa ndio wanaoitwa kutupa udongo kama watoto.

Nikampigia magoti. "Shikamoo, baba mdogo. Naomba uniandike na mimi. Mimi ni mtoto wake, wa Kasansa."

Akainua uso. Lafudhi yangu mnaijua sasa.

"Jamani eeh!" akapaza sauti. "Watani wamehamia kwenye daftari!"

Turubai zima likacheka. Mimi safari hii sikucheka. Niliapa moyoni sitacheka, nikakaza uso. Lakini mtani anayekaza uso ndiye anayechekesha zaidi, wakazidi kucheka. Nikasema tena, kwa nguvu, "Ni kweli, mimi ni mtoto wake!" na machozi yakanitoka. Mtu mmoja akasema, "Huyu anajua kulia kuliko wenye msiba."

Wale kina mama wa Kifipa wakanidaka kwa furaha. "Wa kwetu huyu!" Mmoja akatoka ndani na koti la kahawia la marehemu, wakanivika. Mwingine akanibandika kofia ya marehemu. Kwa watani hii ni kawaida, kuvaa nguo za marehemu na kumuigiza.

"Haya tembea! Tembea kama Mzee Maganga!"

Nilikuwa nimechoka wakuu. Sikuigiza chochote. Nilitaka tu kutoka pale, nikatembea kuelekea getini.

Vicheko viliendelea hatua tatu, nne. Halafu vikaanza kupungua upande mmoja mmoja, mpaka nikasikia hatua zangu mwenyewe. Nikageuka. Wale mabinti wa soksi nyeupe wameshikana mikono. Baba mdogo kalamu iko hewani. Dada wa marehemu, mwanamke mzee aliyekuwa anaishi pale pale kwa kaka yake, alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. Na mjane, mama mwenye nyumba, amesimama wima.

Kwa muda ule mfupi walijua. Wote. Nitaapa kwa lolote.

Kisha mjane akasema, "Inatosha." Hakupandisha sauti. Na mzee mmoja pembeni akamwokoa, akapiga makofi, "Wafipa bwana! Huyu binti ameisomea hii kazi!" Watu wakashika hapo hapo, wakacheka tena. Kilikuwa kicheko cha watu walioshtuka, kimezidi kipimo. Ilikuwa rahisi kwao kucheka.

Historia ikasomwa makaburini. Ameacha mke mmoja na watoto sita. Wakaitwa watoto, wakatupa udongo. Wakaitwa ndugu, majirani, wafanyakazi wa mashine. Mimi niliitwa mwisho, pamoja na watani.

Wakati natoka makaburini, yule dada wa marehemu akanivuta kando ya njia. Akaniuliza taratibu, "Mama yako ni Konsolata wa bondeni?"

"Ndiyo."

"Alikuja pale kwa kaka. Tumbo limeshakuwa kubwa. Tulikuwa na wageni siku hiyo, akasema mbele ya wote kwamba mimba ni ya Maganga. Kaka akacheka, akasema watani sasa wamezidi. Na sisi tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta."

Akatazama nyuma kama kuna anayetusikia.

"Nilikuja kuelewa alipoondoka," akaendelea. "Mtani haondoki mikono mitupu, lazima adai kitu chake, hata kuku. Mama yako aliaga, akaenda. Hakudai chochote."

Nikamwambia, "Basi shangazi, rudi ukawaambie."

Akatazama chini. "Mwanangu, nakaa kwenye nyumba ya huyu mama. Nikisema hilo neno, nitaenda wapi?"

Nilimuelewa, wakuu. Hasira zilikuwepo, lakini nilimuelewa. Na yeye alikuwa ni wa mlango wa nyuma.

Nilirudi chumbani Makanyagio. Daforoza alikuwa ameshatangulia, ameondoa kitanda na kukiegemeza ukutani, ametandika mkeka chini kama nyumba yenye msiba. Kapika uji. Nilipoingia akanishika mikono yote miwili akasema, "Pole sana kwa kufiwa na baba."

Nililia pale kwa mara ya kwanza kama mtoto wa marehemu. Tulikaa siku tatu chini, watu wawili, hakuna aliyekuja. Yalikuwa matanga ya baba yangu.

Baada ya wiki nikarudi Kasansa. Lile koti nilikuwa nalo, maana mtani akishavaa hanyang'anywi.

Mama alikuwa anaanika mpunga. Aliliona koti kabla hajaniona mimi, akalitambua. Akaacha kazi, akaja akalishika mkono, akalishika kola.

"Wamekupa koti lake," akasema. "Wamekupokea."

Kwetu koti la marehemu hupewa mtoto wake. Nilimtazama mama yangu, mwanamke aliyekwenda kwenye nyumba ile na tumbo lake akachekwa, akarudi kwa miguu yake na miaka yote hiyo hakuniambia, ili siku nikienda niende na moyo.

Nikasema, "Ndiyo mama. Wamenipokea."

Alikaa chini pale pale juu ya mpunga akalia kwa furaha. Jioni ile alizunguka nyumba zote za jirani. Kwa mke wa mjomba alianzia. "Mwanangu ana kwao," alikuwa anasema, "mwanangu ana kwao." Mpaka anafariki, miaka mingi baadaye, aliamini hivyo. Kuna siku aliniuliza mbona siendi kuwasalimia ndugu zangu, nikamwambia nilipita wiki iliyopita, hawajambo wote.

Sasa niko mji mwingine, nina watoto wangu. Wananiuliza babu yao wa upande wangu alikuwa nani. Nawaambia alikuwa mfanyabiashara, naishia hapo. Siku hizi kuna DNA na mengineyo, kuna watu watanishauri humu. Nashukuru, lakini yule niliyetaka aseme alishakufa, na yule niliyetaka asikie alishakufa pia.

Nilichojifunza ni hiki. Kama una jambo zito la kumwambia mtu, usilipeleke mahali ambapo kila mtu ana ruhusa ya kucheka. Na ukishalisema, hata wakicheka dunia nzima, wewe usicheke nao. Na nyie wanaume wenye watoto pembeni, tamkeni mkiwa hai, kwa mdomo wenu, msituachie sisi tukajieleze kwenye turubai.

Nakaribisha maswali, nitajibu ninavyoweza. Wenye yanayofanana na haya shusheni, hatutachekana.

Na watani zangu Wanyamwezi mliomo humu, nawajua mlivyo, mmeshaanza kuandika. Tutataniana siku nyingine. Leo naomba mnipe pole, nimefiwa na baba.